Uhaba na ubovu wa risasi katika vita vya uwanda wa Makonde (1917)

Uhaba na ubovu wa risasi ulikuwa miongoni mwa sababu kuu zilizoamua mwenendo wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, hasa katika maeneo ya Masasi, Newala na uwanda wa juu wa Makonde mnamo Oktoba na Novemba 1917. Jeshi la koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, lililojulikana kama Schutztruppe, lilifungiwa njia ya bahari na manowari za Uingereza tangu mwanzo wa vita. Lilitegemea akiba ya zamani, shehena za meli mbili zilizopenya mzingiro huo, na silaha zilizotekwa kwa adui.

Sehemu kubwa ya shehena ya meli ya kwanza ilikuwa imelowa maji ya chumvi, na risasi zake nyingi ziligoma kuwaka. Kwa sababu hiyo idadi ya risasi zilizoandikwa katika vitabu vya ghala haikulingana na idadi ya risasi zilizofaa vitani. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua nani apewe bunduki gani, vita gani vipiganwe, na hatimaye ni askari wangapi waachwe nyuma kabla ya jeshi kuvuka mto Ruvuma.

## Jinsi risasi inavyowaka

Risasi kamili ya bunduki au bastola ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, kichwa kinachoruka kwenda kwenye shabaha, baruti iliyo ndani ya ganda, na fataki. Fataki ni kikombe kidogo cha chuma laini kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Ndani yake mna chembe za kemikali zinazolipuka zikigongwa. Katika miaka ya vita hivyo kemikali iliyotumika sana ilikuwa fulminati ya zebaki.

Mpigaji anapovuta kifyatulio, springi iliyobanwa huachiwa na kuisukuma mbele pini ya kugongea. Ncha ya pini hulibonyeza paa la fataki. Kemikali iliyomo hubanwa, hulipuka na kutoa cheche inayopita katika tundu dogo na kuwasha baruti. Gesi ya baruti inayoungua hukisukuma kichwa cha risasi katika mtutu. Yote hayo hutokea kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Hivyo ili risasi iwake, mambo matatu yanahitajika kwa pamoja: pini igonge kwa nguvu ya kutosha, fataki iwe hai, na baruti iwe kavu. Likikosekana moja, risasi hugoma.

## Sababu za risasi kugoma

Mafundi wa silaha hutenganisha makosa ya bunduki na makosa ya risasi. Kwa nje yote mawili huonekana sawa, maana kifyatulio kimevutwa na mlio haukusikika. Dalili ya kwanza ya kuyatenganisha hupatikana kwenye kitako cha risasi iliyogoma.

* Alama ya pini haipo. Pini haikuifikia fataki. Huenda imevunjika, au risasi haikuingia vizuri katika chemba.
* Alama ni hafifu. Pini iligonga bila nguvu. Springi inaweza kuwa imechoka, mafuta yaliyoganda na uchafu vinaweza kuwa vimeizuia pini, bunduki inaweza kuwa haikufungwa sawasawa, au fataki imepachikwa ndani mno kiasi cha kuikimbia ncha ya pini.
* Alama ni ya kina na iko katikati. Bunduki imefanya kazi yake. Kosa limo ndani ya fataki au baruti, na mara nyingi chanzo chake ni unyevu, joto, mafuta au umri.
* Mlio ni dhaifu na kichwa cha risasi kinabaki mtutuni. Fataki imewaka lakini baruti imeungua kidogo au haikuungua kabisa. Hali hii ni ya hatari kubwa, kwa kuwa risasi inayofuata inaweza kupasua mtutu.

Njia nyingine ya kutambua ni kubadilishana. Risasi za kundi lilelile zikigoma katika bunduki kadhaa, lawama ni ya risasi. Bunduki moja ikigomesha risasi za makundi mbalimbali, lawama ni ya bunduki. Kanuni hiyo inafaa pia kwa bastola ndogo za siku hizi, ambazo sehemu zake ni nyepesi na nafasi ya springi ni finyu, hivyo uchafu kidogo au fataki ngumu kuliko kawaida hutosha kuleta alama hafifu.

Risasi inayogoma inaweza pia kuchelewa, yaani kuwaka baada ya sekunde kadhaa. Kwa hiyo wapigaji hufundishwa kuuacha mtutu umeelekea upande salama kwa muda kabla ya kufungua bunduki.

## Silaha za Schutztruppe mwaka 1914

Vita vilipoanza mwezi Agosti 1914, Schutztruppe ilikuwa na kampuni 14 za medani, zenye askari Waafrika takriban 2,500 na Wajerumani wapatao 260. Kampuni nyingi zilitumia bado bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Bunduki hiyo ilipiga risasi nene yenye kipenyo cha milimita 11 kwa baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi mweupe lililoonyesha mahali mpigaji alipolala. Kampuni chache tu zilikuwa na Mauser ya mwaka 1898, iliyopiga risasi ya milimita 7.92 kwa baruti isiyo na moshi.

Kamanda wa jeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, alipata nafuu ya kwanza baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914. Kikosi cha Waingereza na Wahindi kilichoshuka kutoka melini kilirudi baharini na kuacha ufukoni mamia ya bunduki, bunduki za rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000. Hata hivyo, akiba hiyo haikuweza kulisha vita virefu. Koloni halikuwa na kiwanda cha kutengeneza risasi mpya.

## Meli ya Rubens na karakana ya Moshi

Mapema mwaka 1915 Ujerumani ilituma meli ya mizigo iitwayo Rubens, iliyojifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg. Nahodha wake alikuwa Carl Christiansen. Ilibeba makaa ya mawe kwa ajili ya manowari Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, pamoja na bunduki na risasi za jeshi la nchi kavu.

Tarehe 14 Aprili 1915 meli hiyo ilifika karibu na Tanga ikifukuzwa na manowari ya Uingereza HMS Hyacinth. Christiansen aliiingiza katika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, akaikwamisha kwenye maji mafupi na kuijaza maji ili shehena isiteketee kwa moto. Waingereza waliiona ikiwaka, wakaamini kwamba imekwisha, wakaondoka. Wajerumani na vibarua wa pwani walifanya kazi ya kuopoa shehena na kupata bunduki nyingi na mamilioni ya risasi.

Risasi hizo zilikuwa zimekaa katika maji ya chumvi. Mwanzoni baadhi yake zilifaa, lakini kadiri siku zilivyopita ndivyo fataki na baruti zilivyozidi kuharibika, na idadi ya risasi zilizogoma iliongezeka. Ilibidi risasi zifunguliwe moja moja, baruti isafishwe na kukaushwa, na fataki zilizokufa zibadilishwe. Fataki za aina nyingine zilipatikana humo humo koloni zikatumika mahali pa zile za asili.

Kazi hiyo ilifanyika Moshi Mpya, mahali palipo mji wa Moshi wa leo. Kwa miezi kadhaa askari waliopatikana walishinda kutwa wakitengeneza risasi kwa mikono. Ilikuwa kazi ya hatari na ya subira, kwa sababu fataki hulipuka ikibanwa vibaya, na fataki iliyopachikwa ndani mno au nje mno huleta hitilafu nyingine badala ya kuondoa ile ya kwanza.

### Mgawanyo wa risasi

Kutokana na majaribio, risasi ziligawanywa katika daraja tatu:

1. Risasi nzuri za akiba ya zamani zilitengwa kwa ajili ya bunduki za rashasha peke yake.
2. Risasi zilizotengenezwa upya, ambazo takriban asilimia 20 ziligoma, zilitumika vitani kwa bunduki za kawaida.
3. Risasi zilizogoma zaidi ya kiwango hicho zilitumika kwa mazoezi ya shabaha.

Sababu ya kuipendelea rashasha ni ya kiufundi. Bunduki ya rashasha ya aina ya Maxim hutumia nguvu ya kila mlio kutoa ganda tupu na kuingiza risasi inayofuata. Risasi moja ikigoma, nguvu hiyo haipo na bunduki husimama mpaka mpigaji avute mtambo kwa mkono. Mkanda wa risasi 250 wenye ubovu wa asilimia 20 ungesimama mara 50, na silaha hiyo ingekosa faida yake yote.

Kwa askari mwenye bunduki ya kawaida, risasi ikigoma huitoa kwa mkono na kuingiza nyingine. Lakini hata kwake ubovu wa asilimia 20 ni mkubwa. Magazini ya Mauser ya 1898 ilibeba risasi tano. Ikiwa kila risasi ina uwezekano wa 0.8 wa kuwaka, uwezekano wa zote tano kuwaka mfululizo ni 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani kama 0.33. Kwa maneno mengine, askari aliyejaza bunduki mara tatu aliweza kutegemea mara moja tu kuimaliza bila risasi kugoma.

## Meli ya Marie katika ghuba ya Sudi

Meli ya pili, Marie, chini ya nahodha Conrad Sörensen, iliingia katika ghuba ya Sudi, kati ya Lindi na Mikindani, mwezi Machi 1916. Ilileta mizinga, bunduki za rashasha, bunduki za kawaida, risasi na dawa. Tofauti na Rubens, shehena yake ilishushwa ikiwa kavu na ilikuwa imefungwa tangu Ujerumani katika mizigo inayotosha mpagazi mmoja. Wapagazi waliibeba kutoka pwani hiyo ya kusini hadi kwenye majeshi yaliyokuwa yakipigana kaskazini. Marie yenyewe ilishambuliwa na manowari za Uingereza lakini iliponyoka, ikavuka Bahari ya Hindi hadi Batavia, yaani Jakarta ya leo.

Hiyo ilikuwa shehena ya mwisho kutoka Ulaya. Septemba 1916 Waingereza walizitwaa bandari za kusini, zikiwemo Lindi na Mikindani, na mlango wa bahari ukafungwa kabisa.

## Newala mwaka 1916

Ureno iliingia vitani dhidi ya Ujerumani mwezi Machi 1916. Jeshi lake lilivuka Ruvuma kutoka Msumbiji na kuitwaa boma ya Newala mwezi Oktoba mwaka huo. Newala iko ukingoni mwa uwanda wa Makonde, juu ya genge ambalo watu wa huko hupaita Shimo la Mungu, na kutoka hapo bonde la Ruvuma huonekana chini. Ni mahali pazuri pa kulinda lakini pagumu kwa maji, kwa kuwa mvua huzama mara katika udongo wa kichanga na chemchemi nyingi ziko chini ya genge.

Kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Max Looff, aliyekuwa nahodha wa Königsberg, kiliwazingira Wareno hao. Mwisho wa Novemba 1916 Wareno waliiacha boma na kurudi ng'ambo ya Ruvuma. Walioiteka upya Newala walikuta mizinga, bunduki na risasi. Kutoka hapo viongozi wa Schutztruppe walijua kwamba ghala lililo karibu zaidi na rahisi zaidi kulifikia lilikuwa upande wa pili wa mto.

## Mapigano ya Mahiwa

Katika mwaka 1917 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jacob van Deventer yaliusukuma mstari wa Wajerumani kuelekea kusini kutoka Kilwa na Lindi. Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917 pande hizo mbili zilipambana Mahiwa na Nyangao, katika mkoa wa Lindi wa leo. Upande wa Wajerumani walikuwapo watu wapatao 1,500, na upande wa Waingereza karibu 5,000, wakiwemo askari wa Nigeria na wa King's African Rifles.

Waingereza walipata hasara ya zaidi ya watu 2,000 waliouawa, kujeruhiwa au kupotea. Wajerumani walipoteza watu 95 waliouawa na 422 waliojeruhiwa. Kwa kuhesabu watu, Lettow-Vorbeck alishinda. Kwa kuhesabu risasi, alishindwa. Siku nne za mapigano makali zilimaliza karibu akiba yote ya risasi za baruti isiyo na moshi. Zilizobaki kwa wingi zilikuwa za bunduki za 1871, ambazo moshi wake uliwafanya askari kuwa shabaha rahisi kwa rashasha na mizinga ya adui.

Jeshi la Uingereza liliweza kuongeza watu na risasi kupitia bandari ya Lindi. Schutztruppe haikuweza kurudisha hata sanduku moja.

## Chiwata, Nambindinga na Newala

Baada ya Mahiwa, Wajerumani walirudi nyuma kupitia maeneo ya Lukuledi, Masasi na Ndanda. Ndanda, palipokuwa na misheni ya Wabenedikto, palikuwa na hospitali ya kijeshi. Katikati ya Novemba Chiwata, mahali palipokuwa na kambi na maghala yao, palitwaliwa na Waingereza, na jeshi likapanda kwenye uwanda wa Makonde.

Huko Nambindinga, tarehe 17 Novemba 1917, Lettow-Vorbeck na gavana Heinrich Schnee walikabiliwa na uamuzi mgumu. Chakula kilikuwa kidogo, kwinini ilikuwa inakwisha, na risasi hazikutosha kwa bunduki zote. Askari mwenye bunduki isiyo na risasi za kuaminika alikula chakula kama mwenzake lakini hakuweza kupigana kama yeye. Kamanda aliamua kulipunguza jeshi mpaka lilingane na risasi alizokuwa nazo. Wagonjwa, majeruhi na mamia ya askari wengine waliachwa nyuma wajisalimishe.

Waliobaki walipita Kitangari na Newala, wakashuka genge kuelekea Ruvuma. Walikuwa Wajerumani wapatao 300, askari wapatao 1,700, na wapagazi, wanawake na watumishi wapatao 3,000.

Kikosi kingine cha Wajerumani, chini ya Theodor Tafel, kilikuwa kikitokea upande wa Mahenge kiungane nao. Hakikufanikiwa kukutana na jeshi kuu. Kikiwa na njaa, kilijisalimisha karibu na Ruvuma tarehe 28 Novemba 1917.

## Msaada wa angani ulioshindwa

Wakati huohuo Ujerumani ilijaribu kupeleka msaada kwa chombo cha anga aina ya Zeppelin, L 59, chini ya nahodha Ludwig Bockholt. Kiliruka kutoka Jamboli nchini Bulgaria tarehe 21 Novemba 1917 kikiwa na tani 15 za mizigo, zikiwemo risasi, bunduki za rashasha na dawa. Mahali palipokusudiwa ni uwanda wa Makonde. Chombo hakikutarajiwa kurudi. Kitambaa chake kingeshonwa mahema na bandeji, na vyuma vyake vingetumika kwa kazi nyingine.

Kilipofika juu ya Sudan, tarehe 23 Novemba, kiliamriwa kurudi. Kilitua Bulgaria tarehe 25 baada ya saa 95 angani na safari ya zaidi ya kilomita 6,700. Hata kama kingefika, uwanda wa Makonde ulikuwa tayari unaangukia mikononi mwa Waingereza.

## Ngomano na mwisho wa vita

Siku hiyohiyo ya tarehe 25 Novemba 1917, Schutztruppe ilivuka Ruvuma na kuishambulia kambi ya Wareno ya Ngomano, mahali mto Lugenda unapokutana na Ruvuma. Kamanda wa Wareno, Meja João Teixeira Pinto, aliuawa. Washambuliaji walipata mamia ya bunduki, bunduki za rashasha sita na risasi zipatazo 250,000. Kwa siku moja askari waliweza kubadilisha bunduki zao za 1871 kwa silaha mpya, pamoja na risasi kavu zilizotengenezwa kwa ajili ya bunduki hizo.

Kutoka hapo jeshi liliishi kwa kuteka. Lilipoweka silaha chini Abercorn, yaani Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, lilikabidhi bunduki 1,071, zote za Kiingereza na Kireno, na risasi 208,000. Kati ya bunduki za rashasha 37 zilizokabidhiwa, saba tu zilikuwa za Kijerumani. Bunduki ya 1871 haikuwamo tena.

## Mzigo wa wapagazi

Katika eneo lisilo na barabara ya magari wala reli, na lenye mbung'o waliowaua punda na ng'ombe, kila risasi ilifika vitani kichwani mwa mtu. Risasi ya milimita 7.92 ina uzito wa takriban gramu 24 na kuzidi kidogo. Risasi ya milimita 11 ya bunduki ya 1871 ina zaidi ya gramu 40. Mpagazi mwenye mzigo wa kilo 25 aliweza kubeba karibu risasi 1,000 za aina ya kwanza, lakini pungufu ya 600 za aina ya pili. Na ikiwa risasi moja kati ya tano ilikuwa mbovu, mpagazi mmoja kati ya watano alitembea siku nzima, akala posho na pengine akafa njiani, kwa kubeba mzigo usio na kazi.

Pande zote mbili zilichukua wapagazi kwa nguvu, na chakula cha vijiji kilitwaliwa. Watu wa Masasi, Newala na bonde la Lukuledi walikuwa wamepita katika mateso ya Vita vya Maji Maji miaka kumi na miwili tu kabla, wakati misheni ya Masasi ilipochomwa mwezi Agosti 1905. Wapiganaji wa Maji Maji walikuwa wameambiwa kwamba dawa itageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Mwaka 1917 maji ya bahari ndiyo yaliyokuwa yameharibu risasi hizo, lakini nafuu yake haikuwafikia wanavijiji.

Wapagazi waliokufa katika vita vya Afrika ya Mashariki huhesabiwa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la mtaa wa Kariakoo jijini Dar es Salaam linatokana na jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi la Uingereza. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katika jiji hilo mwaka 1927 ni ukumbusho wa waliopigana na waliobeba mizigo.

## Umuhimu katika historia

Vitabu vingi huzieleza vita vya Afrika ya Mashariki kama habari ya ujanja wa kamanda mmoja. Suala la risasi linaonyesha upande mwingine. Mafungo kutoka Mahiwa, kupunguzwa kwa jeshi Nambindinga na kuvuka Ruvuma vilifuata hesabu ya risasi zinazoweza kuwaka. Hesabu hiyo ilianza na maji yaliyoingia melini katika ghuba ya Manza, ikapita katika mikono ya askari waliokausha baruti huko Moshi, ikaishia vichwani mwa wapagazi waliopanda na kushuka magenge ya uwanda wa Makonde.

## Risasi za zamani leo

Katika maeneo yaliyopiganiwa, maganda na hata risasi nzima zinaweza kuonekana wakati wa kulima au kuchimba msingi wa nyumba. Risasi iliyozikwa kwa zaidi ya miaka 100 haipaswi kudhaniwa kuwa imekufa. Fataki iliyogoma mwaka 1917 inaweza kulipuka ikipigwa nyundo au ikitiwa motoni. Haifai kuigonga, kuifungua wala kuiuza kama chuma chakavu. Inapaswa kuachwa mahali ilipo, watoto wazuiwe kuifikia, na taarifa itolewe kwa serikali ya kijiji au kituo cha polisi. Nchini Tanzania umiliki wa silaha na risasi unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.